Nenosiri la Kongo Nzima

Siku Njambi alipolitaja nenosiri la Jentrix mbele ya kadamnasi, hakujua kwamba ni la Jentrix. Alidhani anataja lake.

Ilikuwa ndani ya saiba ya Kimotho, pale Kongo, Kawangware, asubuhi ya Jumatatu, na watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Njambi ni muuza mboga, jirani yake Jentrix mlango wa pili, na sauti yake imezoea kuita wateja walio ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekwama kwenye kompyuta ya pembeni, akaunti yake ya Facebook imekataa kufunguka. Kimotho mwenye saiba alikuwa amepiga magoti akipigana na printa, na kutoka huko chini akamuuliza anaandika nini. Njambi hakuona sababu ya kunong'ona.

"Si ile tu uliniwekea! Ebenezer, E kubwa, halafu mbili tano nne. Hakuna space!"

Jentrix alikuwa kwenye benchi akingoja nakala ya kitambulisho chake. Ebenezer, E kubwa, halafu mbili tano nne: hilo lilikuwa nenosiri lake. Alipewa na Kimotho miaka mingi iliyopita, akaambiwa asimwambie mtu, naye hakumwambia mtu. Hata mumewe Khamala, Mungu amrehemu, alikufa bila kulijua.

Alingoja watu wapungue, kisha akasogea mezani.

"Kimotho, hiyo password ya Njambi si ni yangu?"

Kimotho alicheka, tena kicheko cha mtu asiye na hatia hata chembe. "Ni yenu, Mama Austine. Mimi nafungulia watu email hapa. Leo mtu anaenda, kesho anarudi analia amesahau. Nikiwekea kila mtu yake, ni nani atazikumbuka? Nikaona niweke moja tu. Ukisahau, mimi niko."

"Na umewekea watu wangapi?"

"Wote," akasema Kimotho, akarudi kwa printa yake.

Tusimwonee Kimotho. Si mwizi, na sijasikia mtu wa Kongo akimlaumu kwa jambo lolote ila ubishi wa mpira. Aliwawekea watu nenosiri moja kwa moyo mweupe kabisa, jinsi mama anavyowashonea watoto wote suruali kutoka kitambaa kimoja. Na hapo ndipo palipomuudhi Jentrix zaidi, kwa kuwa mtu wa namna hiyo huwezi hata kumkasirikia vizuri. Alilipa nakala yake na kutoka.

Kwa mwingine lingekuwa jambo la kucheka tu. Jentrix hakucheka, kwa sababu ndani ya akaunti yake ya Facebook alikuwamo Shiundu.

Shiundu ni fundi wa cherehani. Kibanda chake kiko Makina, Kibera, karibu na Soko la Toi ambako Jentrix huuza magauni ya mitumba na kuyapunguza au kuyapanua kwa cherehani yake ya kukanyaga. Walijuana cherehani hiyo ilipogoma. Shiundu alimwomba ampigie picha kile chuma kilichovunjika, amtumie kupitia ukurasa wake wa Facebook anaotangazia magauni, na tangu siku hiyo hawakuhama hapo. Cherehani ilipona, meseji hazikukoma. Mwanzoni zilikuwa za sindano na mafuta ya mashine. Baadaye zikawa ujumbe wa sauti, Shiundu akimsimulia cherehani alizofungua siku hiyo na vitu alivyokuta ndani, vifungo, sarafu, hereni moja ya bibi harusi. Alimwita Nasike, jina aliloitwa nyumbani kwao akiwa msichana. Nairobi nzima hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Kwa watu wote alikuwa Mama Austine.

Jentrix alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, mwimbaji wa kwaya, na alikuwa amependa. Basi, nimelisema mimi. Yeye mwenyewe hakuwa amelisema kwa mtu yeyote.

Ujumbe wa mwisho wa Shiundu alikuwa ameusikiliza mara nyingi asiweze kuujibu. "Nasike," ulisema, "mimi si kijana wa kujificha nyuma ya vibanda. Nataka nije nyumbani nimsalimie Austine kama mtu mzima. Ukisema ndio, nakuja. Ukisema hapana, nitanyamaza. Lakini kwa kibanda chako sitaonekana mpaka unijibu. Hawa watu wa Toi wana macho."

Kilichomzuia si kutotaka. Alitaka Austine alisikie jambo hili kutoka kinywani mwa mama yake, siku ambayo mama yake ameichagua. Austine ni mwanawe wa pekee. Alimzika baba yake akiwa bado kijana mdogo, akasimama kaburini kati ya baba zake wadogo bila kulia, na tangu siku hiyo Jentrix hakupenda kumpa habari nzito kwa ghafla. Na sasa Njambi, kwa kidole kuteleza tu kwenye jina la akaunti, angeweza kujikuta ndani ya meseji zile. Mdomo wa Njambi hauna kufuli. Habari ingefika kwenye meza ya mboga, ikavuka hadi kanisani, ikapanda basi kwenda kwa mashemeji huko Bungoma, na Austine angekuwa wa mwisho kuijua.

Mchana huohuo, kibandani kwake Toi, alibadilisha nenosiri. Alitunga jipya lenye herufi za kupanda na kushuka, tarakimu, alama ya kushangaa na alama nyingine ambayo mpaka leo hajui jina lake. Akajiona mjanja. Siku chache baadaye simu ilijizima, ikawaka, ikamtaka aingie upya, na lile nenosiri la kijanja lilikuwa limeyeyuka kichwani. Alikumbuka alama ya kushangaa tu. Alijaribu hivi, akajaribu vile, mpaka akaunti ikafunga mlango kabisa na kusema kwamba namba ya kuthibitisha imetumwa kwa simu inayoishia na tarakimu ambazo hazikuwa zake.

Kwa hiyo sasa alikuwa nje, Shiundu alikuwa ndani, kwenda Makina kwa miguu aliogopa macho ya watu, na kimya cha Jentrix kilikuwa kikigeuka kuwa jibu.

Austine alipita kibandani saa ya chakula, kama ilivyokuwa desturi yake. Amepanga chumba Kibera, upande wa Olympic, na anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya simu lililo kando ya Barabara ya Ngong. Jentrix alimweleza nusu ya habari, ile nusu ya Njambi na Ebenezer.

"Kimotho bado ako na hiyo mambo?" Austine akatikisa kichwa. "Mum, wewe unahitaji password manager."

"Ni mtu?"

"Si mtu! Ni app. Inakuwekea password zote, kila mahali na yake, ngumu, hata wewe mwenyewe huzijui. Unakumbuka moja tu ya kufungua hiyo app. Mimi niko nayo. Lete simu nikuweke ndani ya yangu, tumalize hii story."

Jentrix alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Na wewe utakuwa ukiziona?"

"Naeza ziona, eeh. Si ndio poa? Ukisahau, mimi niko."

Yalikuwa maneno yaleyale ya Kimotho, na moyo mweupe uleule. Jentrix alimtazama mwanawe, akaona jinsi anavyompenda, na akaona pia kwamba akikubali atakuwa ametoka nyumba ya Kimotho na kuhamia ya Austine. Maisha yake yote ndivyo yalivyokuwa. Alipoolewa, Khamala ndiye aliyeshika kila kitu chenye funguo. Mambo ya kompyuta yalipokuja, Kimotho akayapokea. Yeye alikuwa mgeni tu katika mambo yake.

"Asante, mwanangu," akasema. "Lakini nitajichagulia yangu."

"Mum, kwani wewe unajua nini kuhusu app?"

"Na nilikuwa najua nini kuhusu mitumba?"

Austine akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ama kuna kitu unaficha?"

"Wewe za kwako umewahi kunipa?"

"Zi, hapana."

"Unaficha nini?"

Austine alikunywa chai yake haraka, akaacha chapati nzima kwenye sahani, akaenda zake bila kuaga vizuri. Ilimuuma Jentrix. Alijua amemkwaza, na alijua pia kwamba hangebadilisha neno hata moja.

Kurudi ndani ya akaunti kulimpeleka tena kwa Kimotho, maana ile namba isiyojulikana ilikuwa yake. Kimotho aliandikisha namba yake mwenyewe kwenye akaunti za wateja, ili wasisumbuke. Alimsomea Jentrix tarakimu za kuthibitisha kutoka kwenye simu yake, na Jentrix akaingia, akapumua. Ujumbe wa Shiundu ulikuwa palepale, na chini yake hakuna kingine. Fundi wa watu alikuwa anangoja kama alivyosema.

"Sasa toa namba yako," Jentrix akamwambia Kimotho. "Hapa, na kwa email, na kwa ile ya serikali. Weka yangu."

"Kwani nimekukosea, Mama Austine?"

"Hujanikosea. Umenibeba vya kutosha. Sasa niteremshe."

Kimotho alizitoa zote, polepole, kama mtu anayehamisha vyombo kutoka nyumba aliyoizoea. Alipomaliza akauliza kwa sauti ya chini kama ile app ya kutunza password, ambayo Jentrix alikuwa amemtajia, ingeweza kutumika na mtu aliyeandikisha Kongo nzima. Jentrix akamwambia angoje kwanza aone yeye atakavyotoka.

Sasa lilibaki la kuchagua, na hapa ndipo nampendea Jentrix. Wengine tukitaka programu tunachukua ya kwanza tunayoiona, yenye picha nzuri ya kufuli. Yeye alichagua jinsi anavyochagua magauni asubuhi robota linapofunguliwa, wenzake wakisukumana kwa viwiko. Gauni halitazami kwa nje. Analigeuza, anavuta mishono, anapandisha na kushusha zipu, anainua kwapa mbele ya jua, ananusa. Ndiyo maana mezani kwake huwa kuna kamera, zile nguo bora za robota, na fagia, yale mabaki ya mwisho, anawaachia wengine.

Aliingia kwenye duka la programu la simu yake, akatoa tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya bure, ya kung'aa, yenye nyota nyingi na maneno matamu. Ilipofunguka tu ikaomba ruhusa ya kuona picha zake, namba za watu wake wote na mahali alipo. Jentrix akashangaa. Mlinzi wa mlango anataka kuona albamu ya nini? Akasoma maoni ya watu, si yale ya juu, bali ya chini, ya wenye hasira, jinsi mtu anavyotazama kwapa la gauni. Mmoja alisema alipobadilisha simu kila kitu kilipotea, na barua pepe zake hazikujibiwa. Akaifuta papo hapo. Fagia.

Ya pili ilikuwa ile iliyokuja na simu yenyewe. Hii ilikuwa safi, hakukuwa na cha kulipa wala cha kujifunza, na kwa muda alidhani amepata. Kisha akaigeuza. Ilifunguka kwa namba ileile fupi ya kufungulia simu, na namba hiyo waliijua Austine, katibu wa chama chake cha akiba, na mama anayemshikia kibanda akienda haja. Pale Toi simu hupita mikono mingi. Mteja anataka kuona gauni lililoko nyumbani, anapewa simu. Jirani hana salio, anapewa simu. Kwa mtu ambaye simu yake haiguswi na mwingine, hiyo ya pili ingemtosha kabisa. Yeye angekuwa amefunga sanduku na kuacha ufunguo juu ya kifuniko.

Ya tatu haikuwa na urembo. Rangi zake zilikuwa za kuchosha, na siku ya kwanza alidhani imeharibika. Lakini alipoipindua ndani nje, mishono ilishika. Ilikuwa na mlango wake wenyewe, mbali na wa simu. Simu ikinyakuliwa barabarani, jambo ambalo lilishamkuta, angeweza kuingia kutoka simu nyingine yoyote na kukuta vitu vyake vyote. Walioitengeneza walikuwa wameuweka wazi ufundi wao ili mafundi wengine wauchunguze na kuukosoa, na Jentrix aliwaza kwamba fundi anayekubali kazi yake ifumuliwe hana cha kuogopa. Akiichoka angeweza kuondoka na mali yake yote kwenda kwingine. Bei ya mwaka mzima haikufika ya viatu vizuri vya mtumba.

Kisha akakuta sentensi moja iliyomfanya aweke simu chini. Ilisema kwamba nenosiri kuu, lile moja la kukumbuka, likipotea, hata wenye programu hawawezi kulirudisha, kwa sababu hata wao hawalijui.

Aliogopa. Niseme ukweli, ningeogopa hata mimi. Hakukuwa na Kimotho huko mbele, wala Austine, wala mtu wa kukimbilia akilia kwamba amesahau. Alikaa na hofu hiyo mchana mzima, wateja wakipekua magauni naye akijibu bei kama amelala. Kuelekea jioni akaanza kuliona jambo lenyewe kwa upande wa pili. Kama hakuna wa kumfungulia, basi hakuna wa kumfungua. Kwa mara ya kwanza maishani kungekuwa na mlango usioshikwa na mwingine yeyote.

Programu ilishauri maneno kadhaa ya kawaida yasiyohusiana, yaliyopangwa kwa mfuatano ambao wewe tu unaujua. Alichagua maneno kutoka sehemu za maisha yake ambazo hakuwahi kumsimulia mtu. Usiniulize ni yapi. Sikuambiwa, na ningeambiwa nisingesema. Aliyakariri akikanyaga cherehani, neno moja kwa kila mshono, akiogopa kuyatamka kwa sauti. Aliyajaribu asubuhi, akayajaribu tena kabla ya kula, na kila mara mlango ukafunguka. Baada ya hapo akahamisha kila kitu: barua pepe, ukurasa wa magauni, huduma za serikali, bima ya hospitali. Kila moja ikapata nenosiri refu la ajabu, kama mtu aliyetembeza kuku juu ya kibodi. Ebenezer akafutwa kila mahali. Jentrix alijisikia mwepesi, akaimba akifunga kibanda.

Lakini programu haikuwa imemaliza naye. Ilikuwa na nafasi moja tupu, nayo ilimwuliza: mtu wako wa dharura ni nani? Ikaeleza kwa lugha rahisi kwamba, likikupata la kukupata, mtu huyo ataomba kuingia. Utapewa muda wa kumkatalia. Ukinyamaza mpaka muda uishe, mlango utamfungukia. Ukinyamaza, ndilo neno walilotumia. Jentrix alielewa walichoona aibu kukitaja.

Alimfikiria Shiundu, akaona ni mapema. Nafasi ile ilikuwa ya Austine, hata mtoto mdogo angejua hivyo. Lakini akimweka Austine na kunyamaza kuhusu Shiundu, basi siku ambayo mama yake hayupo ndiyo siku ambayo kijana angekutana na sauti ya mwanamume mgeni ikimwita mama yake Nasike, na hangekuwa na wa kumuuliza. Hilo lilikuwa baya kuliko Njambi. Alikuwa amekwenda mbali kote huko kulinda siri isitoke, na sasa mlinzi mwenyewe alikuwa akimwambia aitoe.

Akapiga moyo konde. Akampigia mwanawe na kumwambia aje Jumapili baada ya kanisa.

Austine alikuja akiwa amevaa shati la heshima, bado na kinyongo kidogo usoni. Jentrix alikuwa amepika kuku, na kwa watu wa kwao kuku wa Jumapili huashiria neno. Walikula kwanza. Kisha akanawa, akaifuta simu kwa kanga, akaiweka mezani kati yao.

"Nimechagua app yangu," akasema. "Inataka mtu wa dharura. Nataka awe wewe."

Uso wa Austine ukalainika. "Sawa, mum. Si ungesema tu kwa simu."

"Ngoja. Siku ukifungua utakuta mambo humo. Nataka uyasikie kwangu kwanza. Kuna mtu. Anaitwa Shiundu, fundi wa cherehani kule Makina. Tunaongea. Nampenda, naye anataka kuja kukusalimia."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga kopo kwa mti. Austine akaisogeza sahani yake kando.

"Na baba?"

"Baba yako nilimpenda, nikamuuguza, nikamzika. Sijamtupa, Austine. Nimebaki tu, na ni mimi niliyebaki."

Kijana akasimama, akatoka. Jentrix alimwona kupitia mlangoni amesimama karibu na matangi ya maji, mgongo ameupa nyumba, na hakumfuata. Alitamani kumfuata mpaka vidole vikamuuma. Alikusanya sahani, akazipanga, akazipangua tena.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akakaa palepale alipokuwa.

"Mum, hiyo Ebenezer hata mimi Kimotho aliniwekea. Nikiwa Form Two. Nikabadilisha yangu siku hiyo hiyo, na nikajua yako ni hiyo."

Jentrix akapigwa na butwaa. "Kwa hivyo miaka yote hii..."

"Sijawahi ingia. Hata siku moja. Zilikuwa zako." Akajifuta pua. "Na nilikuambia ubadilishe. Ukasema Kimotho amesema usiguse."

Ilikuwa kweli, akakumbuka. Alimkaripia, tena kwa ukali, kwamba Kimotho ndiye anayejua kompyuta. Aibu ikampanda, na nyuma ya aibu ikaja furaha kubwa ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Alidhani amekuwa akilala mlango wazi. Alikuwa akilala mlango wazi kweli, na mwanawe amepita mbele yake kila siku bila kuchungulia.

"Juzi ulisema nakuficha kitu," akasema Jentrix.

"Juzi nilikasirika. Nilifikiri huniamini." Austine akavuta pumzi. "Huyo fundi, anakuja lini?"

"Nikimjibu."

"Hujamjibu? Wueh, mum! Huyo mtu amengoja! Mjibu basi. Lakini akija, mimi niko na maswali."

"Muulize yote."

Jentrix akachukua simu, akaandika maneno yake ya siri huku Austine akigeuza uso kutazama ukuta bila kuambiwa. Akaingia, akabonyeza kinasa sauti, akasema mbele ya mwanawe: "Shiundu, ni Nasike. Njoo Jumapili ijayo. Austine anakungoja."

"Nasike?" Austine akauliza. "Kuna mtu anakuita hivyo?"

"Yeye tu."

Austine akafikiri kidogo, akatabasamu kwa shida, lakini akatabasamu. "Ni jina poa."

Wakarudi kwenye ile nafasi tupu. Jentrix akaandika jina la mwanawe na anwani yake. Programu ikauliza swali la mwisho: akiomba kuingia, angoje muda gani kabla mlango haujamfungukia? Chini yake kulikuwa na orodha ya kuchagua, kuanzia siku moja.

"Weka siku moja," akasema Jentrix. "Sasa sina la kukuficha."

Austine alinyoosha kidole, akaiteremsha orodha polepole, akipita kila muda, mpaka ikagota chini kabisa na kukataa kwenda zaidi.

"Weka hii ya mwisho, mum," akasema. "Mimi sina haraka na wewe."

Jentrix aliibonyeza ile ya mwisho. Ilibidi aulize kama imekubali, maana kioo kilikuwa hakionekani vizuri, na Austine akamwambia imekubali.